Mfupa wa Mfanyakazi Nao Uungwe



Hapa Rumonge kila mtu anaijua kazi ya mchikichi. Mawese yanasifiwa mpaka Bujumbura, lakini anayepanda juu na panga kukata mikungu hasifiwi. Akiteleza anavunjika mguu au nyonga, na siku hiyo hiyo mshahara unakatika.

Sasa tunasikia habari za maabara. Mfupa wa mtu umejengwa kwa nyuzi za protini na chembe za madini ya kalsiamu na fosfati. Chembe hizo hupimwa kwa nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Wataalamu wamejifunza kutengeneza chembe kama hizo. Pale mfupa uliposagika na kuacha pengo, huzitia humo. Seli za mfupa hushikilia kama maharage yanavyoshika mti, zikajenga mfupa mpya. Ulaya baadhi ya vijazio hivyo vimekwisha kuingia hospitalini, na utafiti ungali ukiendelea. Wengine wameyapata madini hayo kwa kuchoma mifupa ya samaki. Kumbe yamo hata ndani ya ndagala tunaowaanika ufukweni!

Elimu hiyo hatuipingi. Tunauliza: itamfikia nani? Mwenzetu akianguka hubebwa kwa baiskeli mpaka kwa mganga wa mifupa, maana hana fedha za eksirei. Jeraha lililo wazi likicheleweshwa, vijidudu huingia mfupani, nao mfupa huoza. Hapo ndipo pengo lenyewe huzaliwa. Basi asiyepata plasta leo, kesho atapataje dawa ya nanomita?

Wapo wasemao kuanguka ni bahati mbaya. Sivyo! Kamba iliyochakaa si bahati, ni uzembe wa mwenye shamba. INSS ina fungu la ajali za kazi, lakini kibarua asiyeandikishwa hana mlango wa kubisha.

Kwa hiyo tunadai:

Kwanza, kila kibarua aandikishwe INSS.

Pili, mwajiri atoe kamba imara, na gari la kumfikisha majeruhi hospitalini.

Tatu, kila ajali iandikwe siku ile ile, mbele ya mashahidi.

Nne, dawa mpya za mifupa zikifika Burundi, zisiwe za wenye fedha tu.

Ndugu, kabla ya kupanda kesho, kagueni kamba zenu. Iliyokwisha, mrudishieni mwajiri, wote kwa pamoja.