Mashua si muzigo mudogo



Musomaji wa Kolwezi ao wa Likasi atacheka akiona kichwa cha habari hii. Atasema: sisi ni watu wa udongo na mawe, mashua inatuhusu nini? Akumbuke vizuri. Umeme unaozungusha mashine za migodi unatoka kwenye maji yaliyofungwa na ukuta: Mwadingusha juu ya muto Lufira tangu mwaka 1930, Nzilo juu ya Lualaba tangu miaka ya 1950. Mahali kama pale panahitaji mashua ya kuangalia ukuta na ya kuondoa majani yanayoziba njia ya maji. Ndani ya mashimo makubwa ya wazi, pampu zinaelea juu ya pontoni na mafundi wanafikishwa pale kwa mashua. Na kule Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, mashua ni kazi ya kila siku. Zote hizo, siku moja, zinapaswa kutoka majini kusudi zipakwe rangi, zichomelewe matundu, zibadilishwe helisi. Ndipo tunaita grui, na ndipo ninataka kusema neno.

Nilikuwepo siku moja kwenye gati la ziwa. Sitataja gati gani wala kampuni gani. Ilikuwa mashua ya chuma yenye mita 7, na kila mutu alisema iko na uzito wa tani moja na nusu. Fundi mumoja muzee, mutu wa kufunga mizigo tangu ujana wake, aliomba wangoje kidogo, watu watoe kwa ndoo maji ya mvua yaliyojaa chini ya mbao. Shefu akamujibu: « Baba, ni mashua kidogo tu. Grui inanyanyua tani 10. Tufanye haraka, kuko kazi ingine. » Muzee akanyamaza, maana mukataba wake ulikuwa wa miezi mitatu na wa tatu ulikuwa unaisha.

Walipitisha kamba mbili chini ya mashua, moja mbele, moja nyuma, wakazitia kwenye ndoano, wakanyanyua. Mashua ilipotoka majini, maji yote ya ndani yalikimbilia nyuma, upande wa motere. Nyuma ikashuka, pua ikapanda. Kijana mumoja, mufanyakazi wa siku, alikuwa ameambiwa aishike mashua kwa mikono isizunguke. Mashua ikateleza kwa nyuma ndani ya kamba, kamba ya mbele ikapanda mpaka puani ikachomoka, na muzigo wote ukaanguka kwenye ukingo wa gati. Kijana hakufa. Lakini muguu wake wa kuume haukurudi kuwa muguu.

Raporti iliandika kwamba mufanyakazi hakuwa muangalifu. Mimi sikubali raporti ile mpaka leo, na ndiyo sababu ninaandika. Kijana alisimama pale alipoambiwa kusimama. Hakupewa kamba ya kuongoza muzigo, hakuambiwa maji yataenda wapi, hakuchagua mahali pa kufunga. Yule aliyejua alikuwapo, alisema, na hakusikiwa. Kosa lilikuwa kwenye gati kabla ya kijana kufika.

Tuanze na uzito, maana pale ndipo watu wanajidanganya zaidi. Tani moja na nusu ilikuwa uzito wa mashua tupu, vile ilivyotoka kiwandani. Siku ile ndani mulikuwa mafuta ya motere lita 200, karibu kilo 170. Maji ya mvua: lita moja ni kilo moja, basi weka ndoo 30 za lita 10, ni kilo 300. Tia nanga, munyororo, sanduku la vyombo. Tumekwisha kupita tani mbili na hakuna mutu aliyeongeza kitu hata kimoja asubuhi ile. Mashua yenye umri inabeba tena rangi juu ya rangi, vipande vya chuma vilivyochomelewa, mbao zilizokunywa maji miaka mingi.

Halafu kuna uongo wa maji yenyewe. Sanduku la chuma likiwa chini, grui inalisikia lote mara moja linapoachana na udongo. Mashua inayoelea haifanyi hivyo. Mwanzoni maji yanaibeba, na ndoano haisikii karibu kitu. Kadiri inavyopanda, maji yanaiachilia, na uzito unaongezeka juu ya kabli mpaka tumbo la mashua litoke lote. Muongozaji wa grui aliyesema « ni nyepesi » katika mita ya kwanza amesema kabla ya wakati. Na ile tani 10 iliyoandikwa kwenye grui ni ya muzigo ulio karibu sana na mashine. Mukono ukinyooshwa mbali juu ya maji, nguvu inapungua haraka: umbali ukiwa mara mbili, usitumaini hata nusu. Ndani ya kibanda cha grui kuna karatasi ya hesabu hiyo. Isomwe kabla ya motere kuwashwa, na umbali upimwe kwa metre ya fundi, si kwa jicho. Tena ukingo wa gati la zamani si mahali pa kukanyagisha miguu ya grui bila kuangalia chini yake kuna nini. Maji yanakula udongo nyuma ya ukuta na juu haionekani.

Sasa pembe ya kamba. Hili ningetaka kila mufungaji alijue kama anavyojua jina la mutoto wake. Chukua muzigo wa tani moja, unyanyuliwe na kamba mbili. Zikisimama wima, kila moja inabeba kilo 500. Zikifunguka mpaka pembe kati yao pale kwenye ndoano iwe digri 60, kila moja inabeba karibu kilo 580. Kwa digri 90, karibu kilo 710. Kwa digri 120, kila kamba inabeba tani moja nzima, kama vile mwenzake hayupo. Kwa digri 150 inapita kilo 1900. Muzigo haukuongezeka hata gramu moja. Ni kamba fupi tu. Fundi asiye na chombo cha kupima pembe anaweza kufanya hivi: urefu wa kila kamba, toka ndoano mpaka pale inapogusa muzigo, usiwe mufupi kuliko nafasi iliyo kati ya kamba hizo mbili. Vikiwa sawa, pembe ni digri 60, na hapo tunaweza kufanya kazi.

Kwa mashua kuna jambo la pili. Kamba zilizolala zinavuta pia kwa ndani. Katika tani ile moja, kwa digri 60 zinabana kwa nguvu ya kilo 290 kila upande. Kwa digri 120 ni karibu kilo 870. Sanduku la chuma linavumilia. Mashua ya mbao ao ya plastiki inavunjika mabega kama kikapu. Ndiyo sababu mafundi wazuri wanaweka juu chuma cha kupanua, kamba zishuke wima pande mbili bila kukandamiza ukingo. Chuma hicho kiwe cha kazi hiyo, kimehesabiwa, kimeandikwa nguvu yake. Nimeona watu wakitumia bomba la maji. Bomba linapinda katikati, na likipinda hakuna anayeweza kulikataza.

Mahali pa kupitisha kamba panatafutwa mashua ikiwa bado majini, si hewani. Zipite chini ya mbavu zenye nguvu, mbali na muti wa helisi na usukani. Mara nyingi fundi aliyeijenga ameacha alama. Ndoano iwe juu ya kitovu cha uzito, na kitovu hicho hakiko katikati ya urefu: motere inakivuta nyuma. Halafu kamba ya mbele na ya nyuma zifungwe moja kwa ingine, pande zote mbili, kusudi ya mbele isipande puani. Kipande cha kamba cha mita chache, dakika mbili za kazi. Kingekuwapo siku ile, mashua ingeinama, lakini isingechomoka.

Juu ya hali ya kamba sitasema mengi, mashefu wenu wanasema kila juma. Mukanda wa nguo usio na karatasi ya nguvu yake si chombo tena. Rangi zinasaidia: kwa mikanda ya kanuni za Ulaya, zambarau ni tani 1, kijani tani 2, manjano tani 3; lakini jua na mafuta vinakula nguvu rangi ikiwa bado inaonekana. Kabli iliyokunjika kama goti itupwe. Fundo kwenye kamba linaiba karibu nusu ya nguvu yake. Na wale wanaofunga jicho la kabli kwa serekabli: tandiko likae juu ya upande unaovuta, kile chuma cha duara juu ya ncha iliyokufa, wala zisipungue tatu. Nimekuta kinyume mara nyingi, na kila mara mutu alisema « imeshika ». Imeshika ndiyo, mpaka siku isiposhika.

Wakati wa kunyanyua, hakuna mutu ndani ya mashua. Hapana hata mumoja wa kuangalia, hapana hata mwepesi. Kamba mbili ndefu, moja puani, moja nyuma, ndizo zinazoishika isizunguke, na wanaozishika wasimame mbali, kamba isizungushwe mukononi. Mashua inyanyuliwe sentimita 20 juu ya maji, isimame. Muhesabu polepole mpaka 60 mukiangalia: inainama? maji yanakimbia? kamba imehama? Ikiwa ndiyo, irudishwe majini, ambako hakuna anayeumia, na ifungwe tena. Yule muzee wa siku ile alikuwa na desturi hiyo. Aliiita kuuliza muzigo. Mutu mumoja tu anatoa ishara kwa muongozaji wa grui. Lakini ishara ya kusimama inaweza kutolewa na yeyote, hata mupishi anayepita na sufuria, na muongozaji anasimama kwanza, anauliza baadaye.

Najua mashefu watasoma hapa na kusema: tukifanya yote haya, asubuhi nzima itapotea kwa mashua moja. Ndiyo, itapotea asubuhi nzima. Mashua ndogo inanyanyuliwa mara moja ao mbili kwa mwaka. Ndiyo hatari yake: muzigo wa kila siku una desturi yake na watu wake, lakini huu unafanywa na yeyote aliye karibu, kwa kamba yoyote iliyo karibu, siku ya posho.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inataka kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Basi kamati za idara zenye mashua ziombwe jambo rahisi. Kila mashua ipimwe mara moja kwa chombo cha mizani kinachotundikwa kwenye ndoano, vitu vyake vikiwa ndani, na uzito huo uandikwe kwa rangi nyeupe ubavuni, pamoja na alama mbili za mahali pa kamba. Jina la fundi anayekubali kufunga liandikwe kwenye kitabu cha kazi kabla ya grui kuja, na chini yake shefu atie sahihi kwamba fundi akisema « tungoje », watangoja, hata kama mukataba wake unaisha kesho.

Tena, mashua ikiisha kutengenezwa na kurudishwa kwenye ndoano, mutu mumoja aingize mukono chini aguse kizibo cha kutolea maji. Kwa mikono yake, asiulize mwenzake kama kimerudishwa. Na akiisha kugusa, ishuke mpaka ielee, ikae ndani ya kamba dakika tano, ndipo wafungue.