Barabara zinazinduliwa, lakini nani amefundishwa kuzitunza?

Mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ndani ya mji wa Uvira. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Mwezi wa Mei 2023, maji na matope vilizika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, na waliokufa walipita 400. Mvua ya namna hiyo hakuna ofisi inayoweza kuizuia. Hata hivyo, kila mara maji yakipungua, wakaaji wanauliza: nani alipaswa kuzibua mitaro na kukagua kingo na madaraja kabla ya msimu wa mvua?

Kisheria, jibu linajulikana. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaipatia komini kazi ya kutunza barabara zake, mitaro yake na masoko yake. Lakini mara nyingi wanaokaa katika ofisi ya kazi za umma ya komini au ya usultani ni watu wachache, wengine bila mshahara, ambao hakuna aliyewafundisha namna ya kuongoza ofisi hiyo.

Si kwamba mafundi hawapo. Butembo kuna IBTP, Kinshasa kuna INBTP, na vijana wanatoka huko wakijua kupima udongo na kuchora daraja. Tatizo ni kwamba kuchora daraja ni kazi moja, na kuongoza ofisi inayolinda madaraja ishirini ni kazi nyingine. Kiongozi wa ofisi anapaswa kujua kila njia iko katika hali gani, na ipi itakatika kwanza mvua ikianza. Anapaswa kutayarisha zabuni kufuatana na sheria ya masoko ya umma ya 2010. Zaidi ya yote, anapaswa kukataa kutia sahihi pale kampuni inapoleta moramu nusu ya ile iliyoandikwa katika mkataba. Hayo ndiyo hayafundishwi vya kutosha.

Kinshasa inaonekana kuufahamu udhaifu huu. Programu ya maendeleo ya maeneo 145, yenye kupita dola miliari 1,6, utekelezaji wake ulikabidhiwa PNUD, BCECO na CFEF. Mtu anaweza kuelewa: walitafuta wenye uzoefu. Lakini mashirika hayo yakimaliza kujenga yanaondoka, na shule, kituo cha afya au barabara inabaki mikononi mwa watu walewale ambao hawakuaminiwa kuijenga.

Wengine watasema: leteni pesa kwanza. Wana haki. Kifungu cha 175 cha Katiba kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria ya 2008 inazipa komini, sekta na sultani sehemu yao. Malalamiko kwamba pesa hizo hazifiki zote ni ya miaka mingi. Ila kuna mambo yasiyongoja Kinshasa. Chukueni bariyeri ya mvua kwenye njia ya udongo. Ni mti mmoja tu uliolazwa barabarani. Lori lililobeba tani thelathini likipita saa moja baada ya mvua, kazi ya mwezi mzima ya makantonye inaharibika. Mwenye kuamua saa ya kufungua lazima ajue udongo unakauka namna gani, na awe na mkubwa anayemuunga mkono siku dereva anapotoa noti mfukoni.

Mafunzo yanayohitajika hayaombi majengo mapya. Majuma machache wakati wa kiangazi, palepale kwenye komini, kwa Kiswahili pamoja na Kifaransa, kila mmoja akiandika orodha ya njia na mitaro yake mwenyewe, yangetosha kuanza. Kugumu ni kumbakisha aliyefundishwa. Asipolipwa, baada ya miezi sita atakuwa katika shirika lisilo la kiserikali linalolipa dola, na hakuna wa kumlaumu.

Kwenye komini zilizopiga kura mwezi wa Desemba 2023, sasa kuna washauri waliochaguliwa, wenye haki ya kujadili bajeti. Wanaweza kuanza na swali moja kwa mkuu wa ofisi ya kazi za umma: orodha ya mitaro ya komini iko wapi?