Bwawa Halivunjiki Lenyewe

Kati ya Kibwezi na Mtito Andei, kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, upo mji mdogo wa Kambu, na nchi iliyouzunguka ni kame. Mvua ya Novemba ndiyo inayotegemewa zaidi, ikipita, imepita. Mkulima mwenye uwezo akijenga tuta la udongo ili ayakinge maji ya kunyunyizia nyanya na vitunguu vyake, hapana wa kumlaumu. Wakamba huliita bwawa la namna hiyo silanga, neno lililofika hadi Kibera, ambako mtaa wa Silanga umepakana na Bwawa la Nairobi.

Hata hivyo, lipo swali ambalo halina budi kuulizwa kabla ya mavuno kuhesabiwa. Tuta likiachia usiku, ni nani aliyelala upande wa chini?

Jibu tulilipata Solai, Kaunti ya Nakuru, tarehe 9 Mei 2018. Bwawa la shamba moja la kibinafsi lilimwaga maji yake usiku, yakavikumba vijiji vya Nyakinyua na Energy, na watu wasiopungua 47 wakafa. Tuliambiwa kwamba bwawa “lilipasuka”, kwamba “lilivunjika”. Mimi ni mwanaisimu, na vitenzi hivyo vilinikera. Kauli ya kutendeka, kama tunavyowafundisha wanafunzi wetu, humwondoa mtendaji kabisa: kikombe kimevunjika, wala hapana aliyekivunja. Mwezi wa Julai mwaka uo huo mtendaji alitafutwa mahakamani, mwenye shamba na wenzake, wakiwamo maafisa wa serikali, waliposhtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Februari 2020 hakimu wa Naivasha aliwaachilia kwa kuwa upande wa mashtaka haukuwa tayari kuendelea na kesi. Upande huo ukakata rufaa.

Udongo wenyewe hauna siri nyingi. Tuta huangushwa aghalabu na maji yanayopita juu yake, pale njia ya kupunguzia maji inapokuwa nyembamba au imezibwa na magogo. (Wapo wanaoiziba kwa makusudi ili wabakiwe na maji zaidi, sijui uchoyo wa hatari kuliko huo.) Au maji hupenya ndani kwa ndani, yakifuata mizizi ya miti, shimo la mnyama, makao ya mchwa, ambao Ukambani hawakosekani, au ubavu wa bomba la kutolea maji. Maji machache maangavu yakichuruzika nyuma ya tuta, yaangaliwe kwa makini. Yakitoka na tope, tope hilo ni tuta lenyewe linahama. Kuliona hilo hakuhitaji shahada. Kwahitaji mtu wa kupita pale kila juma.

Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliyagawa mabwawa katika madaraja matatu kwa kina, ujazo na ukubwa wa eneo linaloyapa maji. Lisilofika kina cha mita 5 wala ujazo wa mita za mraba-tatu 100,000 lilihesabiwa kuwa la hatari ndogo. Ndogo kwa nani? Mita 4 za maji juu ya malisho matupu si sawa na mita 4 hizo hizo juu ya shule ya msingi. Mizani hiyo ilipima ukuta, jirani haikumpima.

Mei 2024, nchi ikiwa imefurika, serikali iliwaamuru waishio karibu na mabwawa 178 wahame katika muda wa saa 24. Siku chache kabla ya hapo, habari za kwanza kutoka Mai Mahiu zilitaja bwawa lililopasuka, kumbe ni maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake kuziba. Hapana aliyelijenga liwe bwawa, kwa hiyo hapana aliyelikagua kama bwawa.

Kwa Kambu ningependa kila tuta liwe na kibao, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, chenye jina la mwenyewe, kina cha maji, tarehe ya ukaguzi wa mwisho na nambari ya simu ya chifu. Na taarifa ya ukaguzi huo iandikwe kwa kitenzi chenye mtendaji: fulani amezibua njia ya maji, fulani ameng'oa miti juu ya tuta, tarehe kadha, kabla ya Novemba.