JEKI ZINALIA USIKU, FUNDI ANATUKANWA MCHANA: HII KIKI IMEPITILIZA!

Kuna wanandoa wa Kibongo huko Marekani, majina kapuni, ambao siku hizi wanakula mjini kwa kuonyesha maisha yao ndani ya RV, lile gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo humo humo. Hakuna ubaya. Watu wanapenda kuona maandazi yakikaangwa jangwani Arizona, na shemeji ana mdomo mtamu. Ubaya umeanzia kwenye ile video ya jeki.

Kwa ambaye hajaiona: gari limepaki Quartzsite, kule ambako wenye RV humiminika kwa maelfu kila majira ya baridi. Saa nane usiku inasikika "paa!", kimya kidogo, halafu mlio mrefu kama mlango wa stoo ya bibi. Shemeji anashtuka na kitenge chake, mtoto analia, kwenye komenti watu washaanza kutaja majini. Asubuhi bwana mkubwa anatoka na miwani yake ya jua, anasema fundi aliyewafanyia sevisi, Mbongo mwenzao, kawapiga. Na jina la gereji akalitaja. Ndani ya siku mbili ukurasa wa fundi ulijaa matusi, mpaka ya mama yake mzazi.

Jamani, jeki za haidroliki ni miguu tu, inasukumwa na mafuta ili gari likae sawa. Kile chuma kinachong'aa kinapita kwenye sili ya mpira. Kikikaa nje siku nyingi kinakauka na kushika vumbi. Jangwani mchana ni jua, usiku ni baridi. Chuma na mafuta vinasinyaa, chuma kinang'ang'ania kwenye sili kisha kinaachia ghafla. Hiyo ndiyo "paa!" ya saa nane. Jini hayupo, na fundi alikuwa kwake amelala.

Dawa yake ni bei ya chipsi kuku. Kitambaa laini, futa chuma chote, pulizia silikoni kavu, shusha na kupandisha jeki mara mbili tatu, basi. Gari likikaa hapo hapo muda mrefu, unarudia kila miezi mitatu, na ukiwa karibu na bahari unawahi zaidi kwa sababu ya chumvi. Yeye kafanya nini? Kapaka grisi! Tena kwa mkono, mbele ya kamera, anajimwambafai kwamba mwanaume hasubiri fundi. Grisi jangwani ni gundi ya mchanga. Jeki ikipanda, mchanga unapanda nayo, unaikwangua sili, na sili ikichanika mafuta yanavuja. Hapo atalia yeye badala ya jeki.

Kwenye pampu ndiyo kachemka kabisa. Ilikuwa inanguruma, akafungua tenki jeki zikiwa chini, akaona mafuta yamepungua, akajaza mpaka shingoni. Kaka, mafuta hupimwa jeki zote zikiwa juu! Ukizipandisha yanarudi tenkini, sasa yatakaa wapi? Na kama yana povu, ujue hewa imeingia: unashusha na kupandisha mara kadhaa, unayaacha yatulie. Povu la kwake alilimwagia kwenye komenti.

Hayo yote yangesameheka. Kinachotisha ni kipande cha mwisho, analala chini ya gari lililoinuliwa na jeki hizo hizo, tairi za nyuma zipo hewani, na mtoto anampa spana. Jeki za kusawazisha hazikutengenezwa ili mtu aingie chini. Mpira wa mafuta ukipasuka, gari la tani kadhaa linashuka bila hodi. Na tairi za nyuma zikiwa hewani, breki ya mkono haishiki kitu. Watu wakabonyeza vimoyo!

Fundi alijibu mara moja tu, kwa adabu: "Kaka, futa chuma, usipake grisi, usiingie chini ya gari." Wakaunga screenshot, wakacheka Kiingereza kilichoandikwa kwenye kibao cha gereji yake. Mtu anayelisha familia mbili, moja huko na moja Bongo, kageuzwa kichekesho na watu ambao hawakusoma hata kitabu cha gari lao.

Juzi shemeji kaposti anapika chai nje. Nyuma yake jeki zinang'aa, grisi hakuna hata tone, na kwenye ngazi ya gari kuna kopo la silikoni. Hakuna aliyeulizwa limetoka wapi. Ile video ya kumchafua fundi bado ipo juu, na matangazo yanaendelea kuingiza dola.

Wadau, dondosheni maoni hapo chini. Mama wa mtu aachwe.