Nani Aliosha Sufuria Krismasi Iliyopita?

Kila Desemba ikibisha hodi, mimi hupata ombi lile lile kutoka kwa watu wa makanisa huku kwetu Itumbe: "Wewe si ni mtu wa kompyuta? Tutengenezee basi programu ya kupanga watu wa kujitolea wakati wa sikukuu." Kuandika programu ni kazi yangu na ninaipenda. Ila katika jambo hili naona tunatafuta dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Kanisa la kijijini halikosi watu wakati wa Krismasi. Linakosa kumbukumbu ya nani alibeba mzigo mara ya mwisho, na kwa hiyo mzigo hurudi kwenye kichwa kile kile mwaka nenda mwaka rudi.

Hebu tuanze na kalenda, maana wengi hawaitazami mpaka mambo yaharibike. Mwaka 2023 Krismasi iliangukia Jumatatu. Kwa Wakatoliki, asubuhi ya tarehe 24 ilikuwa Misa ya Jumapili ya nne ya Majilio, usiku huo huo Misa ya mkesha, na kulipokucha Misa ya Krismasi yenyewe. Alasiri moja tu ndiyo iliyobaki ya kuondoa vitambaa vya zambarau, kutandika vyeupe, kupanga viti vya ziada na kuwasha moto jikoni. Wiki moja baadaye ikawa Jumapili tena, kisha kesha ya mwaka mpya, kisha tarehe 1 Januari. Ukihesabu ni ibada sita ndani ya siku tisa. Orodha ya zamu iliyoandikwa kwa mtindo wa "watu wanne kila Jumapili" haiwezi kustahimili wiki kama hiyo. Na hali hiyo itarudi 2028.

Sasa, kihesabu, kugawia watu kazi si jambo gumu. Harold Kuhn alichapisha mwaka 1955 njia ya kumpa kila mtu kazi moja inayomfaa kwa gharama ndogo kabisa, na wanafunzi wengi wa sayansi ya kompyuta huisoma. Ukiongeza masharti (fulani asishike zamu mbili mfululizo, fulani na mkewe wasiwe kazini pamoja maana kuna watoto) tatizo linakuwa gumu zaidi, lakini kanisa la watu mia tatu si shirika la ndege. Kompyuta kuukuu itamaliza kabla chai haijapoa.

Kigumu ni kujua nani amekubali. Tazama kundi lolote la WhatsApp la kanisa. Mwenyekiti anaandika, "Tunahitaji watu kumi wa jikoni tarehe 25." Majibu yanamiminika: Amina, Amina, Ubarikiwe, mikono iliyokunjwa, Amina. Asubuhi ya tarehe 25 jikoni kuna kina mama watatu. Sisi waandika programu tuna aina ya data yenye thamani mbili tu, kweli au si kweli. "Amina" haimo :-) Ndiyo maana nasisitiza kwamba ombi liende kwa mtu mmoja mmoja, kwa jina, likitaja kazi na saa, na jibu liwe NDIO au LA. Asiyejibu ahesabiwe LA, na nafasi yake ipewe mwingine mapema.

Kwa kazi hiyo ujumbe mfupi wa kawaida, ule wa herufi 160, unatosha kabisa. Unafika kwenye simu ya kabambe shambani, hauhitaji bando, na haupotei chini ya video za mahubiri. (Dokezo kwa watakaotuma kwa wingi kupitia kompyuta: ukinakili maandishi kutoka Word, ile alama ya ng'ombe na ng'ambo hugeuka kuwa kimkato kilichopinda. Kimkato hicho hakimo kwenye herufi za msingi za GSM, kwa hiyo ujumbe wote hushuka kutoka herufi 160 hadi 70, nawe unatozwa ujumbe mara mbili au tatu bila kujua. Andika kimkato kilichonyooka.)

Hayo ya mitambo tuyaache. Wagusii walikuwa na mifumo miwili ya kusaidiana kazi muda mrefu kabla ya kanisa la kwanza kujengwa hapa. Wa kwanza ni risaga. Mwenye shamba anawaita majirani, wanakuja wengi, wanalima, kisha wanakula na kunywa kwake. Wa pili ni egesangio. Hili ni kundi dogo, linalima kwa huyu leo na kwa yule kesho, kwa zamu, na kila mmoja anajua amelimiwa mara ngapi na anadaiwa nini. Mpaka leo vikundi vya kina mama vinaendesha kazi hivyo.

Makanisa yetu yanaitisha watu wa Krismasi kwa mtindo wa risaga: "Tujitokeze kwa wingi." Mtindo huo unafaa kufyeka uwanja Ijumaa moja. Kwa ibada sita ndani ya siku tisa haufai, kwa sababu hauna daftari. Aliyejitokeza mwaka jana ndiye atakayejitokeza tena, maana ndiye mwenye aibu ya kukaa akiangalia. Wapo kina mama katika makanisa haya ambao Krismasi kwao ni moshi. Wanasikia kwaya kupitia dirisha la jikoni. Mahubiri wanahadithiwa wakati wanasuuza sahani. Na wengi wao siku moja kabla walikuwa kwenye majani, kwa sababu chai haijui sikukuu, ikifika siku ya kuchumwa huchumwa. Hili linanikera kuliko kukosekana kwa programu yoyote.

Kwa hiyo nikiulizwa niandike nini, mimi nasema lahajedwali yenye safu tano: tarehe, ibada, kazi, jina, na ya mwisho, "alikosa ibada?" Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Mwaka unaofuata, kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, panga orodha kwa safu hiyo. Waliokosa ibada mara nyingi wanakaa kanisani, tena mbele. Waliokaa mbele wanaingia jikoni, wazee wa kanisa wakiwemo.

Najua pingamizi litakalokuja, nimelisikia: kazi ya Mungu haihesabiwi, thawabu iko mbinguni. Naheshimu imani hiyo. Lakini sadaka tunaihesabu, watu wawili au watatu wakiwa wamekaa meza moja, na hakuna anayesema tumemkosea Mungu. Tena hapa ni Itumbe, penye kiwanda cha chai. Mkulima akipeleka majani kituoni yanapimwa hadi sehemu ya kilo naye anapewa stakabadhi. Sijamwona hata mmoja aliyemwambia karani, "Usiandike, Mungu anajua." Kama kilo za majani zinastahili kuandikwa, saa sita za mama mbele ya moto zinastahili pia.

Halafu kuna wageni. Kuanzia tarehe 22 hivi magari ya kutoka Nairobi yanashusha vijana, wenye nguvu, wenye simu nzuri, ambao hawamo kwenye orodha yoyote. Wengine wanasema suluhisho ndilo hilo, wapewe kazi. Polepole. Fred Brooks aliandika mwaka 1975 kuhusu miradi ya programu kwamba ukiongeza watu kwenye kazi iliyokwisha kuchelewa, unaichelewesha zaidi, kwa sababu wazoefu wanaacha kazi ili wawafundishe wageni. Jikoni ni vivyo hivyo. Mgeni anayeuliza chumvi iko wapi kila dakika tano ni mzigo. Mpe kazi isiyohitaji maelezo: kuteka maji, kubeba viti, kuelekeza magari, na sufuria zile kubwa baada ya chakula, ambazo kila mtu anajua zinasuguliwaje. Kuhesabu sadaka na kukaa na watoto kubaki kwa watu wanaojulikana. Na aombwe mapema, Novemba akiwa bado Nairobi, kwa ule ujumbe wa NDIO au LA, maana akishafika nyumbani ana mashangazi kumi wa kutembelea.

Wasabato, ambao ni wengi sana Gusii, watasema Krismasi si hoja kwao. Sawa, ila wasomee haya kwenye makambi, ambayo mara nyingi huwa likizo ya Agosti. Watu wanalishwa siku kadhaa mfululizo, na mikono ya jikoni ni ile ile.

Jambo moja la kisheria nalitaja kwa haraka. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Majina na namba za simu za watu si za kubandikwa kwenye mlango wa kanisa au kurushwa kwenye kundi la watu mia tano, na ya watoto ndiyo yaangaliwe zaidi. Orodha ikae kwa watu wawili, mmoja akiwa na nakala.

Wenye haraka wanaweza kuanza bila kompyuta. Daftari la mistari, kalamu, na katibu ambaye asubuhi ya tarehe 25 atapita jikoni na kuandika majina ya waliomo wakati mahubiri yanaendelea. Hiyo ndiyo data ya kwanza. Mkinitumia kurasa hizo Januari, mimi nitaandika hiyo programu, tena bure.