Figo mpya, uso wa duara: tusiwaumize waliopandikizwa

Jambo hili linazidi kuonekana katika parokia zetu. Zamani ndugu aliyeharibikiwa figo zote mbili tulimuombea tu, tukingojea siku yake. Leo familia inauza kiwanja, kanisa linachanga, na mgonjwa anasafirishwa India. Hata kwa majirani njia imefunguka: hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, King Faisal ya Kigali na Mulago ya Kampala zikaanza mwaka 2023. Kwa hiyo tutazidi kuwa na ndugu waliopandikizwa wakiketi nasi kwenye benchi. Je, tunajua kuishi nao?

Tunauliza kwa sababu ya maneno tunayoyasikia mlangoni mwa kanisa. Aliondoka amekonda, anarudi na uso wa duara, mashavu yamejaa, tumbo limetoka. Wengine wanasema: “Kumbe pesa zetu amezila!” Wengine wananong’ona juu ya uchawi. Na kwa dada kijana aliyeota ndevu kidogo au kuvimba ufizi, kicheko cha wenzake ni mwiba.

Ukweli ni huu. Mwili huiona figo iliyopandikizwa kuwa ni mgeni, nao hutaka kuishambulia. Ndiyo maana mgonjwa humeza dawa za kutuliza kinga ya mwili kila siku, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Prednisoloni huongeza njaa, huhamisha mafuta usoni, tumboni na nyuma ya shingo, tena hufanya mwili kushika chumvi na maji. Siklosporini huotesha nywele na kuvimbisha ufizi. Takrolimusi huweza kutetemesha mikono na kuleta kisukari. Tena, mtu aliyekuwa kwenye mashine ya kusafisha damu alipimiwa maji na kukatazwa ndizi na maharagwe. Sasa amefunguliwa, chakula kina ladha tena. Si ajabu kilo zikapanda mwaka wa kwanza.

Hatari kubwa iko hapa: anayechekwa huweza kuacha dawa kwa siri ili uso urudi. Wiki chache tu zatosha figo kukataliwa. Dozi hupunguzwa na daktari peke yake, hatua kwa hatua, na inapopungua uso mara nyingi hupungua pia. Lakini uzito nao usipuuzwe, kwa sababu unene huleta kisukari na shinikizo la damu, na haya mawili huua figo mpya kama yalivyoua zile za kwanza.

Basi, nyumbani tufanye nini? Sahani ijae mboga, bugali uwe kiasi. Sombe ipikwe kwa mafuta kidogo ya mawese na chumvi kidogo. Soda na mikate ya kukaanga viwe vya nadra. Maji yachemshwe, maziwa yachemshwe, nyama iive kabisa, kwa sababu kinga yake ni dhaifu. Asile balungi, maana hubadilisha nguvu ya dawa damuni. Wala asinywe mizizi ya kienyeji bila daktari kujua. Kidonda kikipona atembee kila siku, lakini miezi ya kwanza asibebe bidon ya maji wala gunia. Ajipime kilo asubuhi kwa mizani ileile. Zikipanda mbili kwa siku mbili tatu, miguu ikivimba au mkojo ukipungua, huo si unene wa chakula: aende hospitali siku hiyohiyo.

Lakini kwetu mashariki kuna mzigo mwingine. Mwaka 2025, M23 ilipoingia Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na benki zikafunga milango. Kwa aliyepandikizwa, barabara iliyofungwa ni kidonge kilichokosekana. Hapo tunaona kasoro ya michango yetu: tunachanga kwa ajili ya tiketi na upasuaji, kisha tunamsahau, wakati dawa na vipimo vya damu ndiyo kwanza vinaanza.

Tunapendekeza mambo matatu. Kamati ya mashemasi, kabla ya kuchangia safari, iulize dawa za miaka inayofuata zitatoka wapi. Familia iweke akiba ya dawa ya miezi miwili au mitatu ikiwezekana, na mgonjwa anapokimbia vita abebe vidonge vyake na karatasi ya daktari kabla ya godoro. Na sisi wote tuchunge ulimi. Tukimuona ndugu amerudi na mashavu yamejaa, tumsalimu, tumshukuru Mungu pamoja naye, kisha tumuulize kwa upole: “Dawa bado zipo?” Swali hilo laweza kuokoa figo.