Nyumba za Mawe Zirudishiwe Chokaa

Ndugu zangu wenye nyumba za mawe, wa Mji Mkongwe Unguja, wa Lamu, wa Mji wa Kale Mombasa, wa Pangani na Bagamoyo, kabla hamjampa fundi fedha ya kupiga lipu kuta za nje, nawaomba mnisikilize.

Najua hali ilivyo. Ukuta umechunuka, masika yanakaribia, warithi wamechangishana mpaka walioko Maskati na London, na fundi anasema tupige saruji tumalize. Saruji ipo duka la jirani, inakauka upesi. Wengine huongeza vigae au rangi ya plastiki juu yake. Nia ni kuikinga nyumba, lakini kwa ukuta wa aina hii kinga hiyo ndiyo inayouozesha.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na unene wake mara nyingi ni nusu mita au zaidi. Unene huo ndio unaochelewesha joto la mchana lisifike chumbani. Lakini ukuta huo hunywa maji: ya mvua, na yale yenye chumvi yanayopanda kutoka ardhini. Lipu ya chokaa huyaacha yatoke yakiwa mvuke. Saruji huyafungia ndani. Tena ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, kwa hiyo hufanya nyufa nyembamba. Mvua hupenya humo ikakosa pa kutokea, na chumvi ikajikusanya nyuma ya lipu na kulisaga jiwe. Ukuta uliolowa hata joto hauzuii vizuri.

Jaribuni wenyewe. Gongeni lipu ya saruji kwa mpini wa mwiko. Ikilia kama debe tupu, pachikeni ncha ya tindo pembeni: kipande kizima kitabanduka, na nyuma yake mtaona udongo mbichi unaomeguka kwa kidole. Kisha angalieni boriti za mikoko pale zinapoingia ukutani. Chumbani boriti inaonekana nzima, kumbe kichwa chake kilichozikwa ukutani kimeoza, na msumari unazama kwa kusukumwa na kidole gumba. Sakafu ya ghorofani, na watoto wanaolala juu yake, vimebebwa na kichwa hicho.

Basi turudi kwenye chokaa. Iwe imezimwa vizuri na kulazwa majini wiki kadhaa, miezi ikiwezekana, ndipo ichanganywe na mchanga: sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanga wa ufukweni una chumvi, msiuchukue. Saruji ya zamani ibanduliwe taratibu, na iliyong'ang'ania isilazimishwe, isije ikang'oka na jiwe. Mashimo yatomewe kwa vijiwe na chokaa. Ukuta uloweshwe kwanza, lipu ipigwe kwa tabaka nyembamba, kisha ifunikwe magunia mabichi, maana chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta kaboni daioksaidi ya hewani, na jua kali huikausha kabla haijashika. Ndiyo maana kipupwe ni msimu mzuri kuliko kiangazi. Mwisho ipakwe chokaa nyepesi, mikono kadhaa, irudiwe kila baada ya miaka michache. Sitawaficha: ni kazi ndefu na haiishi. Ila ndiyo kazi iliyozifikisha nyumba hizi kwetu.

Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Heshima hiyo ni kubwa, lakini mwenye ukuta ndiye anayeamua nini kipakwe. Walioko Mji Mkongwe wapitie kwanza kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe, kupata kibali na ushauri. Na mkimpata mwashi mzee anayeijua chokaa, mpeni kijana wa mtaani awe msaidizi wake, mmlipe huyo kijana, ajifunze angali mzee yupo.

Nanyi mlio Maskati, Dubai na Uingereza, mkituma mchango tumeni na sharti: saruji isiguse ukuta wa nje. Fedha zisipotosha kwa nyumba nzima, anzeni na upande unaopigwa zaidi na mvua, na kabla ya kulipa chochote mwulizeni fundi chokaa yake imelazwa tangu lini.